Tulivyoitoa Mashua Uvira na Kuitia Majini Bukavu

Wengi wenu mmepita nyumbani kwangu kumsalimu Mama, mkamkuta jicho moja limefungwa bendeji, na kando yake Faustin naye mkono wa kulia umefungwa bendeji. Mmoja wenu, simtaji, alinifuata jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu na mama yake walipigana. Hapana, hawakupigana. Nimechoka kusimulia vipande vipande, leo kwa wenzangu wa kwaya, kesho kwa wa soko la Kadutu, na kila mara nasahau kitu. Naandika yote mara moja, halafu mtasomeana.

Mnajua kwamba Mama anaishi kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, upande wa kusini, na kwamba macho yake yalikuwa yameingia utando mweupe. Daktari wa Bukavu alisema yanaweza kupona akipasuliwa. Mama akajibu kwamba ni vizuri, ila mtumbwini haingii tena. Kiangazi kilichopita yeye na mdogo wake, Mama Mdogo Nsimire, walipanda mtumbwi wa mbao uliojaa watu na mananasi, ukapinduka karibu kabisa na nchi kavu. Mama aliokolewa. Mama Mdogo walimtoa amekwisha kufa. Tangu siku hiyo, ukimgusia habari ya kuvuka, Mama ananyamaza kama hakusikia.

Faustin ni kaka yangu mkubwa, na alifanya kazi miaka mingi kwenye boti za mizigo. Akasema tutafute mashua ya bati, pana, isiyoyumba. Ilipatikana, lakini Uvira, kwenye ziwa lingine. Habari za kununua na za karatasi naziruka. Zilitumaliza nguvu na hazina utamu wowote. Naanzia ufukweni.

Uvira

Kule Uvira kuna mteremko wa zege uliojengwa zamani kwa ajili ya kushushia boti. Ziwa Tanganyika limepanda miaka hii, kwa hiyo nusu ya chini ya mteremko ule sasa imo ndani ya maji, pamoja na kuta za nyumba ambazo wenyewe walizihama. Zege linaishia wapi? Kila tuliyemuuliza alionyesha mahali pake.

Mashua ilikuwa inaelea pembeni, imefungwa kwenye dirisha la nyumba iliyozama. Dereva wetu aliitwa Papa Ramazani, mtu mrefu wa palepale Uvira, kofia nyeupe kichwani, mwenye jeep kuukuu aliyoipenda kama farasi. Nyuma ya jeep alikuwa amefunga tela ya magurudumu mawili. Mpango ulikuwa rahisi kuusema: jeep irudi nyuma mpaka tela iingie majini, mashua ikae juu ya tela, jeep ipande.

Mimi nilivaa kandambili. Hatua ya pili tu juu ya zege, miguu ilikwenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Zege lilivaa ukoga wa kijani, laini kama mlenda wa bamia. Wabebaji wawili tuliowaomba msaada walicheka, kisha mmoja akaniinua.

"Maman, tembea kama bata," alisema. "Na usiende mbali. Kiboko inapitaka hapa asubui."

Asubuhi yenyewe ndiyo ilikuwa ile.

Faustin aliingia majini na fito, akigonga chini, tok, tok, akitafuta ukingo wa zege. Pale fito ilipozama bila kugonga kitu, akarudi nyuma kidogo, akaichomeka kwenye ufa na kuifunga kitambaa chekundu. Gari lisivuke pale. Kisha akakamata kamba ya mbele ya mashua ili aiongoze, akaizungusha kwenye kiganja. Wabebaji wakashika mwisho wa kamba ileile huku juu. Papa Ramazani akarudisha jeep nyuma. Mimi nilisimama pembeni, sina kazi, na mtu asiye na kazi ndiye anayeona mabaya yote.

Niliona mashua inapanda tela upande upande. Wale wawili walikuwa wanavuta kwa nguvu, na pua ya mashua ilikuwa inamwendea Faustin kifuani, nyuma yake kuna chuma cha tela.

Nikapiga kelele: "Acha! Acha!"

Nilitaka waache kuvuta. Wao walisikia waache kamba. Wakaiacha.

Mashua ilirudi kinyumenyume kwa uzito wake wote, kamba ikapita kwenye kiganja cha Faustin ikichuna ngozi, kisha ikamkaza na kumburuta kifudifudi juu ya ule ukoga mpaka majini. Sikumwona tena. Niliona kofia yake inaelea. Nilijaribu kukimbia nikaanguka tena, nikabaki nimekaa kwenye zege naita jina lake kama mwendawazimu, huku nikiwaza kwamba Mama atakuwa amepoteza mdogo wake na mtoto wake kwa maji, na safari hii kwa sababu ya mdomo wangu.

Kichwa kilitokea pale penye kitambaa chekundu. Alikuwa ameikumbatia fito. Papa Ramazani aliruka kutoka kwenye jeep, akamtupia mkanda wa kufungia mizigo, wakamvuta.

Wale wabebaji walinigeukia. "Maman, ulisema tuache!" mmoja alirudia. "Tuliacha!"

Nilijikokota hadi kwa Faustin.

Tulimfunga Faustin mkono kwa kitenge changu. Alikuwa mweupe midomoni, lakini alicheka kidogo, kisha akasema: "Kutoka leo, 'acha' imekufa. Kusimama ni 'simama.' Kulegeza kamba ni 'legeza.' Na anayesema ni mutu mumoja."

"Nani?" niliuliza.

"Weye."

"Mie tena? Nimeisha kukuua!"

"Weye njo uko na sauti," alisema, yaani mwenye sauti ndiye mimi. "Kamba hatuizungushe tena ku mukono. Na batu basisimame nyuma ya mashua, ata kama inapendeza kuangalia."

Mara ya pili tulimwaga mchanga na changarawe juu ya ukoga, tukafunga vipande vya gunia juu ya viatu vyetu. Kamba moja ya ziada tuliifunga kwenye mti. Nilisema "simama" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila mara wote walisimama. Mashua ilitoka, ikichuruzika. Tulichomoa kizibo cha nyuma ili maji yatoke, nikakitia kwenye pochi yangu ndani ya leso.

Sange

Katika uwanda wa Ruzizi joto linakaa juu ya mtu kama blanketi. Tulipofika Sange, gurudumu moja la tela lilipasuka kwa mlio uliowafanya watu walale chini. Si jambo la kuchekesha kule. Watu wa Sange wamesikia milio mingine. Papa Ramazani alishuka na mikono juu, akionyesha gurudumu, mpaka wakainuka.

Gurudumu la ukubwa ule halikuwepo. Kijana mmoja wa pikipiki alikwenda kulitafuta Luvungi, nasi tukabaki kando ya barabara na mashua juu ya nchi kavu, mashamba ya mpunga huku na huku.

Kwanza walikuja watoto. Kisha wakaja wazee, wakaitazama mashua, wakatazama mawingu juu ya milima, wakaondoka bila kusema kitu. Baadaye niliona watu wanatoa magodoro nje. Mtu mmoja alikuwa anapandisha mbuzi juu ya ukuta. Nikashangaa, nikadhani ni siku ya usafi. Mwishowe akaja mama mmoja mnene, mtoto mgongoni, wawili mkononi, furushi kichwani. Akaweka furushi ndani ya mashua yetu.

"Mie ni Maman Zawadi," alisema. "Munitunzie fasi. Niko na batoto batatu, habatakamata fasi kubwa."

"Nafasi ya kwenda wapi, maman?"

"Si munajua? Ruzizi inatoka. Kijiji yote inasema serikali imeleta bateau. Munaleta moya tu?"

Watu wa uwanda ule wameona mto ukiingia nyumbani. Si watu wa kutisha kwa mzaha. Na sasa walikuwa wengi kando ya barabara, wengine na vyungu, wakiitazama mashua na kutazamana, kila mtu akipima moyoni nani ataingia na nani atabaki. Nilimwona baba mmoja anamsukuma jirani yake. Nilijua tusipozungumza mapema, tutaumia sisi au wataumizana wao.

Faustin alipanda juu ya mashua na mkono wake uliofungwa.

"Bandugu! Hakuna mayi inakuja! Hii bateau ni yetu. Inaenda Bukavu, kuvukisha mama yetu mu ziwa. Njo hiyo tu!"

Maman Zawadi akaipima mashua kwa macho, kutoka pua hadi mkia.

"Mama yenu iko mukubwa vile?"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tangu hapo. Yule aliyesukumwa alicheka mpaka akamshika bega aliyemsukuma. Magodoro yakarudi ndani. Mbuzi alibaki ukutani akilia, kwa sababu kupanda alipandishwa na kushuka hakujua.

Maman Zawadi alikataa tukae na njaa. Alitupikia bugali wa muhogo, ndakala, wale dagaa wa Tanganyika, waliokaangwa kwa pilipili, na mchicha wa lengalenga. Faustin alikula kwa mkono wa kushoto, na yule mama aligeuza uso ili asimwone. Nilimweleza sababu. Nilipofika kwenye neno "acha" hakucheka. Aliongeza samaki kwenye sahani ya Faustin.

Gurudumu lilifika jua likiwa limelegea. Tukalala palepale Sange, mimi kwa Maman Zawadi, wanaume chini ya mashua.

Ngomo

Baada ya Kamanyola barabara inapanda mlima wa Ngomo, na pale hata wasiosali wanasali. Kushoto ni ukuta wa udongo mwekundu, kulia ni hewa, na chini kabisa unaona Ruzizi kama uzi. Ng'ambo, upande wa Rwanda, lami inang'aa, magari yanapita kama yanachorwa. Sisi tulikuwa upande wa matope.

Mvua ilianza tulipokuwa katikati. Kazi ya Faustin ingekuwa kutembea kando ya tela na jiwe, ili jeep ikisimama aliweke nyuma ya gurudumu isirudi. Lakini mkono wake haukushika kitu. Basi jiwe likawa langu. Nililibeba kifuani kama mtoto, nikitembea upande wa ukuta, kamwe si nyuma ya tela, na kila Papa Ramazani alipopiga honi nililisukuma chini ya mpira na kuruka kando.

Kwenye kona moja jeep ilikataa. Magurudumu yalizunguka, matope yakaruka, ikatoka harufu ya kitu kinachoungua. Jeep ikateleza nyuma mpaka jiwe likaishika, na jiwe lenyewe likaanza kuzama matopeni. Nilitafuta lingine, nikaliweka, nikatafuta lingine. Tela ilikuwa imekunjika kidogo, mkia wake unaelekea kule kwenye hewa.

"Inakuwa muzito!" Papa Ramazani alipiga kelele dirishani. "Jana haikukuwa muzito vile! Munapakia nini?"

"Hatukupakia kitu!" nilijibu. Ndipo nilipoinua macho. Tundu la kizibo, ambalo tangu mvua ianze lilikuwa linamwaga maji, lilikuwa kavu. Mvua yote ya Ngomo ilikuwa imekaa ndani ya mashua.

Faustin alipanda upande wa ukuta, akaingia, maji yakamfika magotini. Alipapasa kwa mkono mzima, akatoa konzi ya majani ya mikaratusi yaliyoziba tundu. Mimi nilikuwa nimeinama ubavuni mwa tela, karibu na tundu lile, naangalia jiwe. Mtajua wenyewe kilichonipata. Maji yalinipiga kichwani, ya baridi, na ndani yake kulikuwa na ndakala wa Maman Zawadi ambaye sijui aliingiaje. Sikujali. Nilisimama pale nikisikia mashua inapungua uzito, na nikalia kidogo kwa kuwa hakuna ambaye angejua.

Jeep ilipanda. Nilibaki na jiwe mikononi mpaka Nyangezi, Papa Ramazani akaniambia: "Maman Sifa, sasa ni sawa. Unaweza kuliweka chini." Nililiweka miguuni kwangu, si nje.

Bukavu, kushusha

Mlidhani kufika nyumbani ni mwisho wa hofu. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini ziwa letu si kama lile la Uvira. Pale Tanganyika maji yanaanza kidogo kidogo; Kivu inaanza kwa kina. Mteremko tulioruhusiwa kuutumia ni mfupi na mkali, mvua huushushia udongo mwekundu kutoka mlimani, na chini ya udongo kuna ukoga uleule wa mlenda. Chupa za plastiki zilikuwa zimejaa kando kando.

Siku ya mvua tulikataa kujaribu. Tulingoja hadi siku iliyofuata, jua lilipokausha sehemu ya juu. Tulisugua zege kwa fagio na majivu, tukatandika magunia ya zamani ya kahawa, tukamwaga changarawe juu yake. Nilitoa kizibo kwenye leso nikakikaza mwenyewe, nikamwita Faustin akikague, akakikagua, nikakagua tena.

Kisha nikasema jeep yenyewe ifungwe kamba, kutoka mbele yake hadi kwenye nguzo ya chuma iliyo juu ya mteremko, na mtu ailegeze polepole kadiri inavyoshuka.

Papa Ramazani aliudhika kweli. "Gari yangu si mbuzi."

"Papa, tafazali."

"Miye naendesha tangu ungali mutoto. Batu baniangalie na kamba ku shingo?"

Watu walikuwepo kweli: wauza samaki wadogo wa sambaza, wapakiaji, waliokuja kuoga, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Nilimwambia kwamba mimi nimeshamwona kaka yangu akipotea majini mara moja, na sina moyo wa kuona mara ya pili mtu mwingine. Nikamwomba pia avue mkanda wa kiti, ashushe vioo na aache mlango wazi. Akatoka, akafunga kamba mwenyewe, fundo kubwa lenye hasira. Faustin alikaa kwenye nguzo na wapakiaji wawili, kamba ikiwa imezungushwa nguzoni na si mkononi mwa mtu.

Nilisimama pembeni, juu kidogo ya maji. "Rudi. Rudi. Kidogo. Simama." Akasimama. "Rudi." Watu nyuma walikuwa wanapiga kelele zao: kata kulia, ongeza, bado. Nikageuka nikawaambia wanyamaze, kwa sauti ambayo mwanangu Sifa angeitambua. Wakanyamaza.

Tela iliingia majini. Magurudumu ya nyuma ya jeep yakaacha gunia la mwisho.

"Simama!"

Jeep iliendelea.

"Papa Ramazani, simama!"

"Nimesimama!" alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Njo gari inatembea!"

Magurudumu hayakuzunguka hata kidogo. Yalikuwa yamefungwa na breki, na jeep nzima ilikuwa inateleza chini kimya kimya, kama sabuni kwenye sahani. Maji yalifika kwenye bomba la moshi, yakaanza kuchemka. Nilimwona Papa Ramazani ameshika usukani kwa nguvu, mguu mmoja nje ya mlango, hajui aruke au abaki. Nilitaka kumwambia aruke, lakini akiruka kwenye ukoga ule angeingia chini ya gurudumu. Sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka sasa: kwamba mimi niliyepewa sauti, wakati ule sikuwa nayo.

Kamba ilijikaza. Nguzo ililia. Jeep ikasimama, ikitetemeka, maji yakiwa kwenye kizingiti cha mlango.

Na palepale mashua, ambayo hakuna aliyekuwa anaiangalia, ilielea yenyewe na kutoka kwenye tela, taratibu, kana kwamba ilikuwa inasubiri tu tumalize. Uzito ulipoondoka, jeep ilishika. Wapakiaji waliivuta kamba pamoja, Papa Ramazani akakanyaga mafuta kidogo kidogo, ikapanda gunia kwa gunia hadi pakavu.

Alishuka, akakaa kwenye jiwe, akavua kofia. Hakuna aliyemcheka. Baadaye akasema, bila kunitazama: "Ile kamba, usiifungue. Iache ikae tu."

Idjwi, na kurudi

Kuvuka kulikuwa kwema. Ziwa la asubuhi lilikuwa tambarare, injini ikinguruma, wavuvi wa sambaza wakirudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Mimi nilishika ukingo wa mashua njia nzima.

Mama alitusubiri kwenye mawe, amevaa kitenge cha misa, kikapu mkononi. Hakutusalimu kwanza. Alinyoosha mkono, akapapasa ubavu wa mashua, akaubisha kama mtu anayebisha mlango.

"Ni bati?"

"Ni bati, Mama."

"Ile ilikuwa mbao," alisema. Akasimama pale muda mrefu. Majirani walijifanya wana kazi nyingine. Faustin alifungua mdomo aseme kitu, nikamkonyeza anyamaze. Kisha Mama akampa kikapu, akajifunga kitenge vizuri, akaingia. Alikaa katikati, chini kabisa, mgongo kwenye magoti yangu, na njia nzima nilisikia anasema majina ya watakatifu mmoja baada ya mwingine.

Tulipofika Bukavu upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Mawimbi yalikuwa yanapiga mteremko na kurudi, na mashua ilikuwa inapanda na kushuka. Papa Ramazani alitungoja juu na jeep, aitoe mashua isilale ikipigwa na mawimbi. Na hapo Mama akagoma.

"Sishuke," alisema. "Nasikia harufu ya utelezi. Vuteni bateau na mie ndani. Mutanishusha barabarani."

"Mama, mutu hakaaka mu mashua ikivutwa," Faustin alimwambia. "Kamba ikikatika, unarudi nayo mu mayi."

"Na nikiteleza kwa miguu, narudi wapi?"

Faustin alitaka kumbeba mgongoni, lakini mkono mmoja ulikuwa haushiki. Papa Ramazani alijitolea. Mama akasema hajawahi kubebwa na mwanamume asiyemjua na hataanza leo. Mawimbi yalizidi. Nilijua tukingoja zaidi, mashua itaanza kugonga zege.

Basi mimi, ambaye tangu Uvira sikuwa nimeingia majini zaidi ya kifundo, nilishuka. Maji yalinifika kiunoni. Miguu yangu ilikuwa na magunia. Nilimfunga Mama magunia miguuni vilevile, akiwa bado amekaa ukingoni, na Faustin akaishikilia mashua. Nikamshika mikono yote miwili, nikaanza kupanda kinyumenyume, uso wangu kwenye uso wake.

"Hapa ni gunia, Mama. Hapa pia. Hapa kuna changarawe. Mguu mdogo. Mguu mwingine."

Macho yake meupe yalikuwa yamenielekea, wazi kabisa, hayaoni. Mikono yake ilikuwa na baridi. Tulifika nusu. Ndipo wimbi likaja, likachukua gunia lililokuwa chini ya kisigino changu, nikaenda magotini. Nilimwachia mkono mmoja ili nisimwangushe. Yeye hakuachia. Alirudisha mwili wake nyuma, akakita miguu kama mtu anayeng'oa muhogo, akanivuta. Mama yangu, asiyeona, aliyekuwa hataki kushuka. Alinivuta mpaka nikasimama.

"Tembea," alisema. "Usinihesabie tena magunia. Nitakufuata."

Nilimkalisha juu kwenye kikapu chake, pakavu, nikamwambia Sifa anakuja kumchukua na teksi ampandishe hadi nyumbani mlimani. Alikataa kuondoka kabla mashua haijatoka.

Safari hii jeep haikushuka hata kidogo. Ilibaki barabarani, pakavu, na tela ilishushwa kwa mnyororo mrefu. Nyuma hapakuwa na mtu. Nilisema "rudi," nilisema "simama," nilisema "legeza," na Mama alikaa kichwa kimeinama, akisikiliza kila neno. Mashua ilipanda polepole, ikakwaruza, ikatulia juu ya tela, ikatoka yote majini, na niliposema "simama" ya mwisho, jiwe likawekwa.

Mama aliinua uso.

"Imetoka?"

"Imetoka, Mama."

"Faustin?"

"Niko, Mama."

"Ule dereva?"

"Niko, mama muzee," Papa Ramazani alijibu, akavua kofia mbele ya mtu asiyemwona.

"Nabintu?"

Hilo ndilo jina langu. Nilikuwa nimesimama kando yake kabisa, nimemshika kiwiko, maji yananitiririka.

"Niko."

Alingoja kidogo, kichwa ameelekeza ziwani, kana kwamba kuna jina jingine lililobaki majini. Sisi wote tulingoja pamoja naye. Kisha akajishika magoti, akainuka.

"Basi," alisema. "Tupande mulima."